Kiegemeo cha gumba cha mninga kwa gitaa la besi: tathmini baada ya miezi mitatu, Kigoma

Kwa miezi mitatu sasa gitaa langu la besi limekuwa na kipande cha mninga chenye urefu wa sentimita 14, upana wa sentimita 1 na kimo cha milimita 11, kilichofungwa upande wa juu wa uzi wa E, ulio mnene kuliko yote, sambamba nao, kikianzia sentimita chache baada ya mwisho wa shingo na kuishia usawa wa pikapu ya nyuma, yaani kile kinasa sauti kilicho chini ya nyuzi. Kilitengenezwa na fundi seremala wa Mwanga, hapa Kigoma mjini, ambaye kazi yake ya kila siku ni vitanda, makabati na fremu za milango, na ambaye kabla ya siku niliyomfuata hakuwa amewahi kushika gitaa mikononi. Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya wapigaji besi wa kwaya na bendi za huku kwetu, kwa sababu nimeona kwamba wengi wetu tunahangaikia spika, nyuzi mpya na amplifaya yenye nguvu zaidi, ilhali gumba la mkono unaochuna nyuzi halijawahi kupewa hata dakika kumi za kufikiriwa.

Nilijifunza besi kwa kutazama. Kaka aliyenitangulia kwenye kwaya aliweka gumba lake juu ya ukingo wa pikapu ya mbele, nami nikaliweka langu hapo hapo, likakaa miaka tisa. Kwa nyuzi mbili nene, yaani E na A, mkao huo hauna tabu kubwa. Tabu huanza unapokwenda kwenye zile nyembamba, D na G: gumba limebaki palepale kama limepigiliwa msumari, vidole vinanyooka kuufuata uzi ulio mbali, na kwa kuwa sehemu ya mbele ya mkono imelala juu ya ukingo wa gitaa, kazi yote ya kurekebisha umbali inaangukia kifundo cha mkono, ambacho hukunjwa na kubaki kimekunjwa wimbo mzima. Ibada yenye sebene ndefu wakati wa sadaka ilikuwa ikiniacha na ganzi kwenye gumba na kidole cha shahada. Ganzi ya mahali hapo si jambo la kupuuzwa, kwani mshipa wa fahamu unaohudumia gumba, shahada, kidole cha kati na nusu ya kidole cha pete hupita katika njia nyembamba ndani ya kifundo cha mkono, na kifundo kinapokunjwa kwa muda mrefu njia hiyo hubana. Mwenye ganzi inayomwamsha usiku aende hospitali kwanza. Kipande cha mti hakitamtibu.

Tatizo la pili lilikuwa la sauti, na kwa kweli ndilo lililonitoa nyumbani. Uzi wa E ukiachwa wazi hutetema takriban mara 41 kwa sekunde. Ukibonyeza freti ya pili, yaani kigawanyo cha pili cha chuma shingoni, ya uzi wa D unapata E iliyo oktava moja juu, yenye mitetemo takriban 82, ambayo ni mara mbili kamili ya ile ya uzi mnene, na kwa sababu hiyo uzi mnene huitikia wenyewe hata kama hakuna aliyeugusa. Msomaji anaweza kuhakikisha sasa hivi: piga noti hiyo kwa nguvu ya kawaida, kisha uzime uzi wa D peke yake, halafu sikiliza. Kitakachobaki kinavuma ni uzi wa E. Vivyo hivyo, A inayopigwa kwenye freti ya pili ya uzi wa G huuamsha uzi wa A. Chumbani mvumo huo ni mdogo na unaweza kudhani ni utamu wa gitaa, lakini ukipita kwenye spika kubwa za kanisa lenye bati juu na sakafu ya saruji chini, unageuka wingu linalofunika ngoma ya miguu na sauti ya nne ya waimbaji. Mwalimu wetu wa kwaya alikuwa akiniambia nipunguze sauti. Nilipunguza, wingu likabaki, kwa kuwa kilichokosekana kilikuwa ukimya wa nyuzi ambazo sikuwa nazipiga.

Kwa muziki tuliokulia nao katika ukanda huu, ukimya huo ni nusu ya kazi. Anayesikiliza kwa makini rumba ya Kongo inayotufikia kutoka ng'ambo ya ziwa, au bendi za zamani za Tabora kama Tabora Jazz na Kiko Kids, atagundua kwamba besi haijazi kila nafasi. Inasema maneno mawili matatu, inanyamaza, inaacha gitaa la pili lizunguke, kisha inarudi. Mahali inaponyamaza pakibaki na mvumo, mzunguko wote unalegea na wachezaji wanaburuza miguu.

Kiegemeo chenyewe si uvumbuzi wa leo. Mtengenezaji gitaa wa Marekani, Leo Fender, alipotoa gitaa lake la besi la Precision mwaka 1951, aliliwekea kipande kidogo cha kushikia, lakini kilikuwa upande wa chini, karibu na uzi wa G, kwa sababu ilidhaniwa kwamba mpigaji angechuna kwa gumba huku vidole vingine vikishikilia pale. Wapigaji walifanya kinyume: wakachuna kwa vidole na kutafuta mahali pa kuweka gumba, na katika miaka ya 1970 kiwanda chenyewe kikakihamishia kipande hicho upande wa juu. Historia hiyo inanigusa kwa sababu inaonyesha kwamba hata waliounda chombo hawakujua mkono ungekaa wapi mpaka walipouona mkono ukifanya kazi. James Jamerson, aliyepiga besi katika nyimbo nyingi za kampuni ya muziki ya Motown kule Detroit, Marekani, alichuna kwa kidole kimoja tu cha shahada, na noti zake bado zinafundishwa duniani kote. Kwa hiyo sitamwambia mtu kwamba kuna mkao mmoja ulio halali. Ninachosema ni kwamba kila mkao una gharama yake, na mimi nilikuwa nikilipa gharama ya mkao ambao sikuuchagua.

Nilifika kwenye karakana ya fundi wa Mwanga asubuhi ya Jumatatu nikiwa na gitaa ndani ya mfuko wake na picha niliyoichora kwa penseli. Gitaa langu ni la nyuzi nne, limeundwa kwa kuiga umbo la Jazz Bass, besi nyingine ya Fender, lina pikapu mbili, na si la bei kubwa. Nilimsalimu fundi, ambaye ni mtu mzima wa umri wa baba yangu, nikamweleza kwamba nahitaji kijiti kifupi cha sentimita 5 cha kuwekea gumba. Aliitazama picha kwa muda, akaiweka chini.

"Hebu kaa hapo upige kwanza, mwanangu. Nataka nione mkono unatembea wapi."

"Shikamoo nyingine hiyo, mzee," nilimjibu, maana hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali hilo katika miaka tisa. Nilipiga bila amplifaya, nimeketi juu ya benchi lake la kupigia randa. Alinitaka nipige karibu na shingo, kisha karibu na daraja, pale nyuzi zinapofungwa mwilini mwa gitaa, kisha nirudi, naye alikuwa ameinama akitazama gumba tu. Ndipo aliposema kwamba mkono wangu unataka kusafiri lakini kijiti cha sentimita 5 kitaufunga mahali pamoja, na akapendekeza kipande kirefu kama reli. Alikuwa sahihi, na sababu yake mpigaji yeyote anaijua masikioni: ukichuna karibu na shingo unapata sauti nene, laini, inayofaa nyimbo za polepole, ukisogea kuelekea daraja sauti inakuwa kavu, kali, yenye noti zinazotengana vizuri, kama ile aliyojulikana nayo mpigaji besi wa Marekani Jaco Pastorius, aliyekuwa akichuna juu ya pikapu ya nyuma. Mwenye kijiti kifupi amechagua sauti moja kwa wimbo mzima. Mwenye reli anaweza kuanza ubeti karibu na shingo na kuingia kwenye sebene akiwa ameshateleza nyuma bila kuinua mkono.

Kimo alikipima kwa namna ambayo bado naisimulia kwa wenzangu. Alikata vipande vidogo vya kadibodi, akavipanga kimoja juu ya kingine chini ya gumba langu, na kila alipoongeza kimoja alinitaka nipige uzi wa E na kisha uzi wa A huku akishika rula ubavuni mwa mkono wangu. Kifundo kilipokaribia kunyooka sawa na mkono, alisimama, akaondoa rundo la kadibodi na kulipima: milimita 13. Mtu mwingine angepima gitaa. Yeye alipima mkono, na hapo ndipo ilipo thamani kubwa ya huduma hii kuliko hata ubora wa mti.

Kuhusu mti, nilikuwa nimetamani mpingo kwa ajili ya weusi wake, lakini alinishauri mninga kwa kuwa alikuwa na kipande kilichokauka kwa miaka kadhaa kikiwa kimebaki kutoka kwenye kitanda, na mninga uliokauka vizuri haupindi wala kuvimba ovyo. Kazi ya mkono ni safi. Kingo zote mbili za juu zimeviringishwa kwa msasa, miisho imekatwa kwa mteremko ili mkono usikwame unapopita, na mistari ya mti inakwenda kwa urefu bila kuvunjika. Nililipa shilingi 20,000 pamoja na kufungiwa, na kazi ilichukua siku nne, moja zaidi ya tulivyopatana kwa sababu umeme ulikatika.

Kasoro zipo, na baadhi ni zangu. Mwanzoni nilikataa katakata gitaa litobolewe, nikamtaka abandike reli kwa mkanda wa gundi wa pande mbili. Kama jaribio la wiki mbili, uamuzi huo ulikuwa mzuri na ninaupendekeza kwa kila mtu, kwani tundu likishatobolewa halirudi. Lakini nililiacha jaribio liwe la kudumu. Tulipokwenda kuimba kwenye harusi Ujiji, gitaa lilikaa nyuma ya gari juani kwa zaidi ya saa moja, gundi ikalainika, na katikati ya wimbo wa pili reli ikaanza kutambaa kuelekea uzi wa E. Baada ya hapo nilikubali skrubu mbili nyembamba zinazoingia kutoka juu, vichwa vyake vikiwa vimezama ndani ya mti ili visikwaruze ngozi. Kasoro ya fundi ilikuwa vanishi. Aliipaka kama anavyopaka kabati, ikang'aa vizuri sana, lakini gumba lenye jasho linanata kwenye vanishi badala ya kuteleza, na faida yote ya kuwa na reli ndefu ikapotea. Nilipomrudishia hakubishana. Aliikwangua, akapiga msasa laini, akasugua nta ya nyuki kwa kitambaa mpaka mti ukawa laini bila kung'aa. Katika mkoa unaovuna asali kama huu wetu, nta haikumgharimu kitu, na sasa kila baada ya wiki chache naisugua tena mwenyewe. Siku hiyo hiyo nilimwomba apunguze kimo kwa milimita 2, kwa kuwa milimita 13 zilinifaa nikiwa nimeketi, lakini nikisimama na mkanda begani mkono hubadilika. Anayekwenda kupimwa apimwe akiwa amesimama, na gitaa likiwa limening'inia kwenye kimo kile kile analopigia jukwaani.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo reli hii haiwezi kufanya, na ningesikitika mtu atumie fedha zake akidhani inalifanya. Reli inamruhusu gumba asafiri kwa urefu wa nyuzi. Haimvushi kutoka uzi mmoja kwenda mwingine. Kama gumba litabaki juu ya mninga wakati vidole vinapiga G, nitakuwa nimerudi kwenye ugonjwa ule ule, tofauti ni kwamba sasa nimelala kwenye kitanda kizuri zaidi. Kwa wiki ya kwanza ndivyo ilivyokuwa, na nilikaribia kuandika kwamba kifaa hakina maana.

Nilichojifunza, na ambacho kimebadilisha upigaji wangu kuliko mninga wenyewe, ni kuitazama reli kama mlango wa nyumba ambao gumba hutoka na kurudi. Nikipiga uzi wa E, gumba liko juu ya reli. Nikipiga A, linaweza kubaki pale, au likashuka na kulala juu ya E endapo wimbo una ukimya mwingi. Nikienda D, gumba limeshalala juu ya E, na ubavu wake unaigusa A kwa wepesi. Nikifika G, ncha ya gumba iko juu ya A huku nyama ya ubavu ikiwa imeizima E, na kidole kinachochuna G hakirudi hewani bali kinapitiliza na kusimama juu ya uzi wa D, hivyo kwa tendo moja D nayo imenyamazishwa. Nyuzi tatu ziko kimya na mmoja unaimba. Umbali kati ya gumba na kidole kinachochuna haubadiliki sana katika safari yote hiyo, mkono mzima unashuka na kupanda pamoja, na kifundo hakilazimiki kukunjika ili kufidia. Wapo wapigaji wanaoliacha gumba lielee hivyo wakati wote, limenyooka na limelegea juu ya nyuzi, bila kiegemeo chochote, na baada ya miezi mitatu naelewa kwa nini. Mimi bado nahitaji mahali pa kurudi, hasa katika nyimbo za kasi ambapo uzi wa E unapigwa mfululizo, na hapo gumba lisilo na pa kuegemea hukakamaa kwa sababu linajaribu kujishikilia lenyewe.

Zoezi lililonisaidia lilikuwa la polepole kupita kiasi: noti nne kwa kila uzi, kutoka E hadi G na kurudi, kwa mwendo wa mapigo 50 kwa dakika, macho yakitazama gumba na si vidole vya mkono wa kushoto. Kushuka ni rahisi. Kurudi ndiko kugumu, kwa maana gumba linapoondoka juu ya A ili kuipisha, hukokota uzi na kuupiga bila kukusudia. Dawa yake ni kuinua gumba kidogo sana kabla ya kurudi, na kukiacha kidole kilichochuna mwisho kiendelee kugusa uzi mpaka gumba litue. Ilinichukua wiki tano kulifanya hilo bila kufikiri, na wiki ya sita mwalimu wa kwaya aliniambia niongeze sauti.

Ganzi imepungua mno. Siwezi kuigawia reli sifa yote, kwa sababu wakati huo huo nilipandisha amplifaya na kupunguza nguvu ya vidole, jambo ambalo pengine lilistahili kufanywa miaka mingi iliyopita. Mkono unaochuna kwa upole hauhitaji kujikamata kwenye kitu kwa nguvu. Lakini najua kwamba bila reli nisingeanza kuutazama mkono wangu kabisa.

Kwa mwenye gitaa la nyuzi nne anayepiga kwa vidole na kuhisi kwamba gumba lake limefungwa kwenye pikapu, ninapendekeza kazi hii bila wasiwasi, mradi aombe reli na si kijiti, aombe nta na si vanishi, na aende na gitaa, mkanda na mkono wake mwenyewe. Anayechuna kwa gumba au kwa kucha ya plastiki haimfai. Na kwa kijana anayeanza ningesubiri kidogo, maana atakariri mahali pa kuegemea kabla hajajua kuelea.

Swali la lini anayeanza apewe reli limetufikia kwenye kwaya yenyewe, kwani tumepata gitaa la pili lenye nyuzi tano, na kijana aliyekabidhiwa ameshaniuliza mara mbili lini tutampeleka kwa fundi. Uzi wa B ulioongezeka hutetema chini ya mara 31 kwa sekunde, ni mnene na mvivu kunyamaza, na ukiachwa wazi unaitikia karibu kila kitu. Gumba lake litatumia muda mwingi zaidi juu ya uzi huo kuliko juu ya mti wowote. Fundi amenitunzia kipande kilichobaki cha mninga ule ule, na nimemwomba akiweke rafuni hadi kijana huyo atakapopiga ngazi nzima kutoka B hadi G, na kurudi, bila uzi wa B kusikika.